Nani Aketi na Mtoto Mbele ya Televisheni?

Watu wengi wakiilaumu televisheni hutaja picha zake: bastola, damu, mavazi ya aibu. Sisi twapenda kutaja benchi. Mtoto aketi juu ya benchi la nani, saa ngapi, na nani yuko kando yake?

Tanzania Bara ilikawia kwa makusudi. Zanzibar ilianza televisheni yake, tena ya rangi, mwaka 1973. Bara ikabaki na redio, kwa kuwa Serikali iliiona televisheni kuwa anasa ya wachache wa mjini. Msimamo huo ulidumu miaka ishirini. Mwaka 1994 mlango ulipofunguliwa, walioingia kwanza walikuwa wafanyabiashara wenye vituo vyao. Televisheni ya taifa ilifuata miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo mtazamaji wa Bara alizoeshwa televisheni na muuza matangazo kabla ya kuzoeshwa na mwenye dhamana ya umma. Jambo hilo si dogo.

Sasa tutazame kijijini, tuseme Shishiyu, wilayani Maswa, katika nchi ya pamba ya Mkoa wa Simiyu. Katika vijiji vya namna hii, mtoto ambaye kwao hakuna seti huifuata kibandani: kuta za mabati au turubai, benchi za mbao, sarafu mlangoni. Watu wamekiita banda umiza, na jina halikukosea. Mwenye kibanda atafuta riziki, hatumlaumu. Lakini hakuajiriwa kulea. Mpira ukiisha na sinema ya mauaji ikaanza, hamtoi mtoto wa miaka 8 aliyekwisha kulipa.

Wasukuma walikuwa na shikome, moto wa jioni ambapo vijana waliketi na wazee wakasikiliza hadithi na maonyo. Hadithi hizo nazo zilikuwa na majitu na damu, tusijidanganye. Ila msimuliaji alimwona mtoto akiogopa, akapunguza makali. Na mtoto akiuliza alijibiwa. Kioo hakimwoni mtu.

Je, televisheni ipigwe marufuku? La hasha! Tangu mwaka 2014 kipindi cha Ubongo Kids, kinachotengenezwa Dar es Salaam, kimefundisha hesabu na sayansi kwa katuni za Kiswahili, na mtoto wa Kisukuma akifuataye hujifunza lugha ya shule bila kuchapwa. Chombo ni kilekile.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamtaka mzazi amkinge mwanawe na hatari za mwili na za maadili. Lakini mzazi achumaye pamba mpaka jua linapotua atamkinga vipi peke yake? Hapo ndipo penye kazi ya kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 yaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, baada ya kusikia maoni ya mkutano mkuu. Basi ndugu wanachama wahudhuriao mikutano hiyo na waulize: siku za shule kibanda kifunguliwe saa ngapi? Usiku watoto watolewe saa ngapi? Kipindi cha watoto kitaonyeshwa lini, kwa kiingilio gani? Ajenda ya mbuzi waingiao mashambani huwa haikosi. Hii iandikwe chini yake.