Jiwe Libaki Mahali Pake

Barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imerahisisha safari ya ziwani, na wasafiri wengi husimama njiani kutazama kingo za mlima zilizokatwa na mitambo. Wana sababu nzuri, kwani mwamba ulioanikwa hivyo huonesha nyufa ambazo kwingine zimefunikwa na udongo. Ila kingo hizo bado hazijatulia. Maji ya masika hupenya kwenye nyufa na kulainisha udongo ulioshikilia mawe, na jiwe huweza kuporomoka mvua ikiwa imeshakatika na jua linawaka. Egesha mahali papana, mbali na kona, utazame ukiwa upande wa pili wa barabara.

Ukishuka kwa miguu kutoka Kitura au kijiji chochote cha Umatengo, fuata njia ya watu. Mashimo unayoyaona mashambani ni ngoro: majani hulazwa miraba miraba, hufukiwa kwa udongo, na katikati hubaki shimo la kutega maji yasiondoke na rutuba. Anayekatiza humo ili kufupisha njia hubomoa tuta, na maji ya mvua inayofuata hupita hapohapo alipokanyaga.

Huko Liuli kuna mwamba wa Pomonda. Wajerumani waliuona unafanana na Sphinx wa Misri, wakaiita bandari ile Sphinxhafen. Ndipo Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilipoishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann. Mawe makubwa ya namna hii hutanuka kwa joto la mchana na kunywea usiku, na baada ya miaka mingi uso wake hubanduka tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Kwa hiyo usipumzike chini ya ganda lililoachana na jiwe, wala usikanyage palipo na ukoga. Ukitaka kuuzunguka kwa mtumbwi, neno la mwisho ni la mvuvi. Kati ya Mei na Agosti upepo wa mwera huvuma kutoka kusini-mashariki na kuliumua ziwa kwa muda mfupi. Akisema leo hatutoki, usibishane naye. Muulize pia kuhusu mamba kabla ya kuingia majini.

Kaskazini zaidi, mto Ruhuhu unapita katika bonde lenye tabaka za mchanga na matope yaliyogeuka mawe, na humo mna mifupa ya wanyama wa kale. Mwaka 1933 Mwingereza Francis Rex Parrington alikusanya huko mifupa iliyopelekwa Uingereza. Mmoja wa wanyama hao, Teleocrater, alisumbua wataalamu kwa miongo mingi kwa sababu viungo muhimu vilikosekana. Mwaka 2015 watafiti walirudi Ruhuhu, wakapata mifupa mingine, ikiwemo ya kifundo cha mguu. Ilipotangazwa mwaka 2017, ikaonekana kwamba ndugu hawa wa mbali wa dinosaria walitembea kwa miguu minne na walikuwa na kifundo kama cha mamba. Picha iliyokuwa vitabuni ikabidi ibadilishwe.

Wasingejua pa kurudi kama mahali mifupa ya kwanza ilipotoka pasingeandikwa. Umri wa mfupa husomwa kwenye tabaka ulimolala. Ukiutia mfukoni, umebeba jiwe tu, na umri wake umeuacha bondeni. Hilo hunisikitisha kuliko hata maandishi ya rangi juu ya miamba, maana rangi yaweza kufutika. Zaidi ya hayo, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali kwa anayechimba au kusafirisha masalia hayo nje ya nchi.

Ukikuta kitu kinachofanana na mfupa ndani ya jiwe, usikichokoe. Kipige picha kikiwa hapohapo, kalamu au sarafu ikiwa kando ili ukubwa uonekane, kisha piga nyingine inayoonesha korongo zima. Andika tarehe na jina la kijito, halafu mpelekee taarifa mwenyekiti wa kijiji, naye ataifikisha halmashauri. Usizirushe picha mitandaoni kabla watu wa halmashauri hawajafika.