SAYANSI SI YA WENYE LABO TU



Kila mwaka, wakati wadogo wetu wa mwaka wa 8 wanapokaribia kuchagua seksio, tunasikia maneno yaleyale katika kiwanja. Mmoja anasema, "Mathe iko nguvu." Mwingine, "Fizike ni ya watoto wa Lubumbashi." Na msichana anaulizwa, "Wewe mwanamke, utafanya nini na shimi?" Basi wengi wanachagua bila kuchagua. Woga njo unachagua kwa ajili yao.

Katika kurasa hizi, sisi wachache wa madarasa ya juu tunapenda kueleza mambo mawili. Kwanza, vitu gani hasa vinamzuia mtoto wa mji kama wetu kuingia katika sayansi. Pili, namna vijana wa kwetu na wa nchi zingine walivyopita katikati ya vizuizi hivyo. Mwishoni tutasema ni kazi gani tunaweza kuifanya hapa Kamina bila kungoja mtu.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Kamina ni njia panda ya reli. Njia inayotoka Lubumbashi inagawanyika hapa kwetu: mkono mmoja unakwenda Kananga na Ilebo, mwingine unakwenda Kabalo na Kalemie. Tangu 2015 mji wetu ni makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami. Tazameni sasa jirani zetu. Kusini iko Kolwezi na shaba na kobalti yake. Kaskazini-mashariki, katika jimbo la Tanganyika, iko Manono yenye lithiamu. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka Kongo. Kobalti na lithiamu zinaingia katika batri za simu na za motokari za umeme.

Yaani udongo wa nchi yetu umo katika mifuko ya watu wa dunia nzima, lakini wengi wetu tunamaliza masomo bila kujua batri inafanya kazi namna gani. Anayejua kuchimba tu atalipwa mshahara wa kuchimba. Anayejua kupima, kuhesabu na kutengeneza, huyo ndiye anayeitwa kuulizwa shauri. Mtoto anayekimbia sayansi akiwa na miaka 14 anajifungia mlango ambao ni vigumu sana kuufungua tena akiwa na miaka 25.

VIZUIZI VINNE

1. Feza. Tangu 2019 Serikali ilifuta minervali katika shule za msingi za watu wote. Lakini anayepanda juu anahitaji kaye, kompa, kalkulatrise, na kisha universite. Mwenye akili anaweza kusimama njiani sababu ya franka tu.

Jambo hili lilimpata William Kamkwamba wa Malawi. Wakati wa njaa ya 2001 na 2002 wazazi wake walikosa feza za masomo, akarudishwa nyumbani. Hakukaa bure. Alikwenda kusoma katika maktaba ndogo ya shule ya msingi ya kijiji. Kiingereza chake kilikuwa bado kidogo, basi alifuata picha za vitabu na kutafuta maana ya maneno yaliyoandikwa chini yake. Akachukua kinga iliyovunjika, feni ya trakta, dinamo ya kinga na vipande vya mabomba ya plastiki, akavifunga juu ya miti mirefu. Upepo ukazungusha, taa ikawaka. Watu waliomwita mwenda wazimu wakaanza kuleta simu zao azitie umeme. Baadaye alisaidiwa kurudi masomoni, akamaliza universite ya Dartmouth, Marekani, katika 2014. Tangu 2008 yeye na wenzake wana shirika la kusaidia watoto wa kijiji chake kusoma na kutengeneza vitu.

Hapa Kongo tunaye Sandrine Mubenga. Alipokuwa na miaka 17, alishikwa na ugonjwa wa tumbo huko Kikwit, na ilimpasa kupasuliwa upesi. Hospitali haikuwa na umeme, akangoja siku tatu katika hatari ya kufa. Alipopona alikata shauri kusoma mambo ya umeme, akayasoma mpaka digrii ya udaktari katika universite ya Toledo, Marekani, ambako alifanya kazi juu ya batri za lithiamu. Katika 2018 alianzisha STEM DRC Initiative, shirika linalowapa bursi wanafunzi wa Kongo wanaosoma sayansi na ufundi. Tazameni jinsi mambo yanavyofuatana: msichana aliyekosa umeme anakuwa injinia wa umeme, kisha anawalipia wengine wafuate njia ileile.

2. Labo. Wengi wanasema, "Bila labo hakuna sayansi." Labo ni kitu kizuri na tunazidi kuiomba. Lakini sikieni habari ya shule ya Keriko, katika kijiji cha Pwani, upande wa Nakuru, Kenya. Shule ile ilikuwa na kompyuta moja tu, na intaneti dhaifu. Karibu theluthi moja ya wanafunzi walikuwa yatima au wenye mzazi mmoja. Mwalimu wao wa mathe na fizike, Peter Tabichi, alikuwa anatumia sehemu kubwa ya mshahara wake kwa kuwasaidia maskini. Yeye na walimu wenzake walifundisha wadhaifu mmoja mmoja nje ya saa za darasa. Wanafunzi wake wakatengeneza chombo cha kuwasaidia wasioona na wasiosikia kupima vitu, wakakipeleka kwenye maonyesho ya sayansi ya Kenya ya 2018. Shule hiyo ya kijiji ikawa ya kwanza katika nchi kati ya shule za umma. Katika 2019 mwalimu yule alipewa huko Dubai tuzo la mwalimu bora wa dunia, dolari milioni moja.

Shule ile haikungoja kwanza kompyuta ya pili.

3. Lugha. Kizuizi hiki hatukitaji mara nyingi. Nyumbani tunasema Kiluba na Kiswahili, lakini fizike tunaipata kwa Kifaransa. Mwanafunzi anashika maneno ya tablo kwa kichwa, anayaandika siku ya ekzame, kisha yanapotea. Hakuwa mjinga. Hakuna aliyemweleza neno lile kwa lugha ya jikoni kwao.

Tuchukue mfano: masi na uzito. Nyumbani neno ni moja tu, tunasema mfuko wa unga "uko uzito." Lakini fizike inatenga. Masi ni wingi wa kitu chenyewe: mfuko wa kilo 50 ni kilo 50 hapa Kamina, na ungekuwa kilo 50 hata juu ya mwezi. Uzito ni nguvu ambayo dunia inavuta nayo mfuko ule kwenda chini: hapa ni karibu nyutoni 490. Mwezi unavuta kidogo, mara sita pungufu, basi kule mfuko uleule ungekuwa na uzito wa nyutoni 80 hivi. Unga haukupunguka, ila mvuto njo umepunguka. Tulipolieleza jambo hili kwa Kiswahili kwa wadogo wetu, walilishika upesi. Kisha waliliandika kwa Kifaransa wao wenyewe, sababu sasa walijua wanachoandika. Kifaransa hatukiachi, mtihani wa Serikali unakidai. Lakini maana iingie kwanza, maneno yafuate.

4. Woga. Huu unawafunga zaidi dada zetu. Msichana anarudi nyumbani, anachota maji, anapika bukari, anachunga wadogo, na usiku hakuna taa. Kesho akikosa hesabu wanasema, "Wasichana hawana kichwa cha mathe." Wanasahau kwamba kaka yake alikuwa anajifunza wakati yeye alikuwa kwenye mto.

Mahali ambapo msichana alipewa nafasi, matokeo yalionekana. Karibu na Lubumbashi, katika kijiji cha Kalebuka, iko shule ya wasichana ya Malaika. Noëlla Coursaris Musunka, mzaliwa wa Lubumbashi, alianzisha shirika lake katika 2007, na shule ikafunguliwa katika 2011. Wasichana wanasoma bure, na sayansi na kompyuta ziko kati ya masomo yao. Kinshasa, mtaalamu wa fizike Raïssa Malu alianzisha Juma la Sayansi na Teknolojia katika 2014, ambapo wanafunzi wanaona na kugusa majaribio kwa mikono yao. Katika 2024 mama huyo alipewa kuwa Waziri wa elimu ya nchi nzima. Basi, anayesema fizike si ya wanawake, aseme mbele yake!

LABO YA KAMBA NA NDIMU

Sasa tuonyeshe kwamba sayansi inaweza kuanza na vitu vya soko.

Jaribio la kwanza. Funga jiwe kwenye kamba, ulining'inize. Pima meta 1 kutoka kwenye fundo la juu mpaka katikati ya jiwe. Livute kando kidogo, uliachilie, uhesabu mara 10 za kwenda na kurudi huku mwenzako anatazama saa. Mtapata sekunde 20 hivi. Badilisha jiwe, weka zito zaidi: sekunde ni zilezile! Sasa kata kamba ibaki sentimeta 25, yaani robo. Wengi watadhani muda utakuwa robo pia. Sivyo, utakuwa nusu: sekunde 10. Hapo mwanafunzi ameona kwa macho yake kazi ya kipeo cha pili, kile tulichokiogopa katika mathe.

Jaribio la pili. Chukua ndimu 4. Katika kila moja choma msumari uliopakwa zinki na kipande cha waya wa shaba, visigusane ndani. Unganisha shaba ya ndimu moja na msumari wa ndimu inayofuata, mpaka mwisho. Ndimu moja inatoa karibu volti 1, lakini nguvu yake ni ndogo sana. Zote 4 pamoja zinaweza kuwasha kidogo ile taa ndogo nyekundu ya toroshi au ya redio iliyokufa, ukiwa mahali pa giza. Ikikataa kuwaka, geuza miguu yake, sababu inapitisha umeme upande mmoja tu. Watoto wanasema ndimu njo ina umeme. Hapana. Zinki inalika polepole ndani ya uchachu, na katika kulika inaachilia umeme unaopita kwenye waya kuelekea shaba. Ndimu ni njia tu. Metali mbili tofauti na kitu chachu au chumvi katikati: kanuni hii ndiyo iliyozaa batri za kwanza. Na batri ya lithiamu nayo ina pande mbili zisizofanana na njia katikati yao. Aliyefahamu ndimu amekwisha kupiga hatua ya kwanza kuelekea Manono na Kolwezi.

KAZI YETU

Tumekubaliana hivi, na tunawaomba wengine waingie. Siku ya mposho, baada ya kazi za mikono, kila mwanafunzi wa madarasa ya juu achukue wadogo wawili, na katika hao wawili mmoja awe msichana. Awaeleze somo moja tu la juma lile: kwanza kwa Kiswahili au Kiluba, kisha kwa jaribio, mwisho kwa Kifaransa kwenye kaye. Asiwacheke wakikosa. Asiwaandikie jibu. Mdogo akiuliza, "Yaya, kwa nini?" na yaya hajui, wote wawili waende kwa mwalimu.

Mwenye kueleza naye anapata faida, maana hakuna anayeweza kumweleza mwingine jambo ambalo yeye mwenyewe hajalifahamu. Walimu wetu tunawaomba kitu kimoja: wapite kati yetu kusahihisha, kusudi tusifundishane makosa. Wazazi tunawaomba wawape mabinti saa moja ya kujifunza kabla jua halijazama.

Hatusemi kila mmoja awe injinia. Nchi inataka pia walimu, waganga, wakulima na waandishi. Tunasema tu kwamba mtoto wa mwaka wa 8 anayeacha sayansi aiache sababu amependa kitu kingine, isiwe sababu hakuna aliyemwonyesha. Siku ya mposho inayokuja, atakayekuja alete kamba, jiwe, na ndimu akiweza. Kreyo tutatafuta sisi.