Dawa Isiyoonyesha Kazi Yake

Mgonjwa wa glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, akiacha dawa huitwa mzembe. Lawama hiyo ni rahisi mno. Aina iliyoenea ya ugonjwa huu haiumi. Maji ya ndani ya jicho hayatoki inavyopaswa, shinikizo linapanda, na neva inayopeleka picha kwenye ubongo inakufa kidogo kidogo, mara nyingi ikianzia na uoni wa pembeni, huku jicho la pili likiziba pengo. Kilichopotea hakirudi. Mgonjwa anaandikiwa matone ya kila siku, maisha yake yote, ambayo kazi yake ni kuzuia hasara zaidi. Mwenye mtoto wa jicho hupasuliwa akaona. Mwenye malaria humeza dawa akainuka. Huyu akitia matone haoni tofauti, na akiyaacha kwa mwezi mzima haoni tofauti pia. Anachokiona ni macho kuwasha na kuwa mekundu. Kwa ushahidi alioupata mwilini mwake, kuacha kunaonekana jambo la akili.

Wapo watakaosema shida ni pesa tu. Pesa ni shida kweli: kichupa kinaisha, nauli ya kliniki haipo, basi. Lakini mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambamo wagonjwa walipewa dawa bure, pamoja na kifaa kilichorekodi kila walipoitumia, nao walijua kwamba wanafuatiliwa. Hata hivyo, karibu asilimia 45 walitumia chini ya robo tatu ya dozi. Tena bidii yao ilipanda siku za karibu na miadi ya daktari, kwa hiyo presha inayopimwa kliniki inaweza kuwa nzuri kuliko ilivyokuwa wiki zote za katikati.

Wengine watasema waelimishwe. Sawa, ila elimu ianze kwa kusema wazi kwamba matone hayataongeza uoni, maana anayesubiri kuona vizuri zaidi atachoka. Na hata anayeelewa yote bado ni binadamu anayesahau. Ndiyo maana naona tiba isiyotegemea kumbukumbu ya kila siku ipewe nafasi kubwa zaidi. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulilinganisha leza na matone ya timolol kwa wagonjwa ambao wengi wao ugonjwa ulikuwa umekomaa. Baada ya mwaka mmoja, leza ilifanikiwa kwenye asilimia 61 ya macho, matone asilimia 31. Leza nayo si ya milele: nguvu yake hupungua, huenda ikarudiwa, na mashine ni ghali. Lakini mashine moja huhudumia watu wengi.

Wewe unayetumia matone, usiyaache kimyakimya, na mwambie daktari ukweli kuhusu siku ulizoruka. Asipojua, presha ikipanda atadhani dawa imeshindwa, akuongezee ya pili usiyoihitaji.