Unatengeneza simu za marafiki bure? Piga hesabu hii kabla ya kuacha kazi

Kama unaishi Modogashe, hii umeiona. Simu ya mtu imekataa kuchaji. Kabla hajaituma Garissa au Isiolo kwa basi, anaambiwa, "Mpelekee yule kijana kwanza." Yule kijana hana duka. Ana bisibisi ndogo, mswaki wa zamani na chuma cha kulehemu, na kazi aliijua kwa kufungua simu mbovu na kutazama video usiku. Anatoa vumbi kwenye tundu la chaji, simu inashika moto, mwenyewe anasema "mahadsanid" na kwenda zake. Pesa? Hakuna.

Wateja wetu wengi wako hapo hapo. Mchana wanauza duka la mtu, jioni wanatengeneza simu kwa sababu wanaipenda. Na swali lao ni moja: naweza kuacha duka nifanye hii tu?

Mambo makubwa yameanza hivyo. Richard Turere, kijana Mmaasai wa Kitengela, alijifunza umeme kwa kufungua vifaa vya nyumbani, hata redio mpya ya mamake. Akiwa na miaka 11 aliunda taa za kumetameta zinazofukuza simba wasikaribie boma la ng'ombe, na mwaka 2013 alizieleza kwenye jukwaa la TED huko Marekani. Lakini kipaji ni kitu kimoja, na kulipa kodi ya kibanda kila mwezi ni kitu kingine. Hebu tuangalie hicho cha pili.

Tenganisha pesa leo, usingoje duka

Kosa tunaloliona sana ni hili: pesa ya wateja, ya spea na ya unga zote zinaingia kwenye laini moja. Mwisho wa mwezi salio ni 200 na hujui zilienda wapi. Chukua nambari ya till au laini ya pili, na kila malipo ya kazi yapitie hapo, hata ya shilingi 100. Ukilipwa taslimu, iweke kwa wakala siku hiyo hiyo. Baada ya miezi mitatu omba taarifa ya akaunti. Hiyo karatasi itakuambia ukweli ambao marafiki wanaokusifu hawatakuambia.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano. Mwezi mmoja fundi ameingiza 38,000. Anafurahi, kwa sababu dukani analipwa 12,000. Sasa tutoe: skrini, betri na spea nyingine 14,500, kibanda 3,000, umeme na bando 2,500, nauli na parseli kutoka Nairobi 2,000. Jumla ni 22,000. Kilichobaki ni 16,000, si 38,000.

Mwezi uliofuata alibaki na 9,000, na wa tatu 17,000. Kwa wastani ni 14,000 kwa mwezi, na hiyo inaushinda mshahara wa dukani. Lakini nyumbani kwao wanahitaji 11,000 kila mwezi, na tumbo halili wastani. Mwezi wa 9,000 ulikuwa na upungufu wa 2,000. Kwa hivyo angalia mwezi wako mbaya zaidi, usiangalie ule mzuri.

Huku kwetu mwezi mbaya si jambo la kubahatisha. Pesa ya Modogashe inatembea na mifugo. Kati ya mwishoni mwa 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, na mtu ambaye ngamia wake wamekonda hawezi kubadilisha skrini iliyopasuka. Ataitumia hivyo hivyo. Ushauri wetu: usiache kazi mpaka uwe na akiba ya miezi mitatu ya matumizi ya nyumbani. Kwa mfano wetu ni 33,000. Kama hutaki mkopo wa riba, ayuto ni njia nzuri, ukiomba zamu yako iangukie mwezi unaopanga kuanza.

Adeer, eedo na neno "bure"

Hapa ndipo wengi wanakwama. Jana ulitengeneza bure, leo unaomba 500, na anayeombwa ni adeer wako. Utamwambiaje?

Mafundi waliodumu wana njia rahisi: pesa ya spea inatangulia, kwa kila mtu. Ukitaka kumsaidia jamaa, msamehe ya kazi ya mkono, lakini spea alipe mwenyewe. Mwambie bila kuzunguka, "Adeer, mkono wangu ni wako, ila betri hii nimeinunua Nairobi." Mtu mzima mwenye busara ataelewa. Na anayesema atalipa mwisho wa mwezi, andika jina, kiasi na tarehe, kisha mtumie ombi la malipo siku hiyo ikifika. Ombi kwenye simu haligombani na mtu.

Simu ya mteja ni benki yake

Ukiwa fundi wa kulipwa, unashika simu yenye pesa za watu. Jambo moja likiharibika, jina lako limekwisha, na mji wetu ni mdogo. Mwambie mteja atoe laini yake kabla ya kukuachia simu. PIN yake ya pesa usiiulize kamwe, hata akikulazimisha kuipokea. Akikulipa, usiridhike na SMS aliyokuonyesha kwenye simu yake. Hakikisha salio lako limepanda ndipo utoe simu.

Weka pia daftari. Bonyeza *#06# upate nambari ya IMEI, iandike pamoja na jina la mwenye simu. Mtu akikuletea simu ambayo hawezi kueleza aliipata wapi, irudishe. Na anayekuomba ubadilishe IMEI anakuomba ufanye kosa la jinai.

Ukishaanza

Sajili jina la biashara kupitia eCitizen na uchukue leseni ya kaunti. Kwa kodi, sheria iliyoanza Julai 2023 inasema biashara ndogo yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka inalipa asilimia 3 ya mauzo. Fundi wa mfano wetu, akiingiza 38,000 kila mwezi, anafika 456,000 kwa mwaka. Bado hajafika huko, lakini rekodi aanze nazo sasa.

Kazi yenyewe haitapungua. Modogashe iko njia panda ya Isiolo, Garissa na Wajir, na mradi wa barabara ya Isiolo hadi Mandera unaofadhiliwa na Benki ya Dunia umejumuisha kulaza kebo ya faiba kandokando. Intaneti ikiongezeka simu zitaongezeka, na vumbi letu mnalijua.

Kwa hivyo usikimbilie kuacha duka kesho. Leo jioni fungua laini ya kazi. Miezi mitatu baadaye, chukua taarifa yako, kaa chini na kalamu, utafute ule mwezi mbaya. Kama umetosha kulisha nyumba na akiba ipo, basi mwage mwenye duka kwa heshima. Kama haujatosha, hujapoteza kitu: bado una mshahara, na sasa unajua pengo lako ni shilingi ngapi.