UTAFITI WA AFYA: KWA NINI UNAULIZWA MASWALI, NA HAKI ZAKO NI ZIPI?



Mara kwa mara watu wenye karatasi hupita nyumba kwa nyumba kambini. Wanauliza una watoto wangapi, mnachota maji wapi, nani aliharisha na nani alipata chanjo. Wakati mwingine wanaomba damu au choo kidogo kwa ajili ya kipimo. Wengi hujiuliza: "Haya yote ni ya nini? Wanaandika, halafu wanaondoka." Wengine wanaogopa kwamba wakimbizi wanafanyiwa majaribio kama wanyama. Maswali haya ni ya haki na yanastahili majibu.

Utafiti ni nini?

Utafiti ni kutafuta jibu kwa kuhesabu na kulinganisha, si kwa kukisia. Mtu mmoja akinywa dawa akapona, hatujui kama dawa ndiyo iliyomponya au angepona mwenyewe. Lakini tukilinganisha watu wengi waliokunywa na wengi ambao hawakunywa, ukweli unaonekana.

Mfano wa hapa Juba

Mwezi Juni 2015 kulitangazwa mlipuko wa kipindupindu Juba. Chanjo ya kunywa ilikuwepo, na kawaida yake ni dozi mbili. Lakini chanjo ilikuwa haba duniani kote. Ikabidi kuchagua: watu wachache wapewe dozi mbili, au watu wengi wapewe dozi moja moja? Wizara ya Afya na washirika wake walichagua dozi moja kwa watu wengi.

Je, dozi moja ilikinga? Watafiti waliwachunguza wagonjwa 87 waliofika kwenye matibabu wakiharisha. Vipimo vilionyesha kuwa 34 kati yao walikuwa na kipindupindu kweli. Kisha waliwauliza watu 898 wa mjini kama walikunywa chanjo, ili kulinganisha. Jibu lilitolewa mwaka 2016: katika muda wa miezi miwili hivi, dozi moja ilikinga kwa asilimia 87. Maana yake, mahali ambapo watu 100 wangeugua bila chanjo, wangeugua kama 13 tu. Kwa sababu wagonjwa hawakuwa wengi, watafiti walisema pia kwamba kinga yenyewe inaweza kuwa asilimia 70 au zaidi, si lazima 87 kamili.

Mwezi Oktoba 2022 chanjo ilipopungua tena duniani, Shirika la Afya Duniani (WHO) na wenzake waliamua kwamba katika milipuko itolewe dozi moja badala ya mbili. Uamuzi kama huo hauwezi kufanywa bila ushahidi wa aina hii, na sehemu ya ushahidi huo ilitoka kwa watu wa Juba waliokubali kujibu maswali.

Lakini mama mwenye mtoto mdogo asikie na hili: utafiti mwingine uliofanyika Bangladesh ulionyesha kuwa dozi moja haikuwakinga vizuri watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa hiyo chanjo haiondoi kazi ya sabuni, choo na maji safi.

Utafiti uliozaliwa kambini

Mwaka 1971 wakimbizi wengi kutoka Bangladesh walikimbilia India. Katika kambi ya Bangaon kipindupindu kiliua watu, na dripu zilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwanywesha wagonjwa maji yaliyochanganywa na chumvi na sukari. Kabla ya hapo, karibu wagonjwa 30 kati ya 100 walikuwa wakifa. Baada ya hapo walikufa chini ya 4 kati ya 100. Pakiti ya ORS unayopewa zahanati leo ilipata sifa yake kutokana na kazi ile ya kambini.

Malaria kali

Zamani mtoto mwenye malaria kali alichomwa kwinini. Kati ya mwaka 2005 na 2010, watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipata sindano ya kwinini, wengine sindano ya artesunati. Hakuna aliyeachwa bila dawa. Kwa kwinini walikufa karibu watoto 11 kati ya 100. Kwa artesunati walikufa kati ya 8 na 9. Mwaka 2011 WHO ikashauri artesunati itumike kwanza kwa watoto hao. Ndiyo maana mtoto wako akifikishwa hospitali na degedege la malaria, atachomwa dawa hiyo.

Haki zako

Tangu mwaka 1964 madaktari wa dunia wana makubaliano yaitwayo Tamko la Helsinki, yanayomlinda mtu anayeshiriki utafiti. Mtu akija kwako:

- Muulize ametoka wapi, anatafuta nini na nani amempa ruhusa.
- Aeleze kwa lugha unayoielewa. Kama ni Kiarabu cha Juba, Kiswahili au lugha ya nyumbani, omba mkalimani.
- Aseme faida na hatari, na jinsi atakavyotunza siri yako.
- Unaweza kukataa. Unaweza pia kukubali, kisha ukabadili nia.
- Ukikataa, hupaswi kunyimwa matibabu, chanjo wala mgao wa chakula. Anayekutisha hivyo anavunja haki yako. Mpeleke habari zake kwa kiongozi wa bloku au zahanati.
- Una haki ya kuuliza matokeo. Mwambie: "Mkimaliza, rudini mtuambie."

Ukikubali, sema kweli. Ukisema watoto wote wamechanjwa huku wawili hawajachanjwa, hesabu itadanganya, na itakayoumia ni kambi yetu wenyewe.

Usisubiri utafiti

Mambo yaliyokwisha kuthibitishwa yatumie leo. Mtu akianza kuharisha maji maji, mpe ORS mara moja: pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Kama hakuna pakiti, changanya vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi. Mchanganyiko uliobaki baada ya siku moja umwage. Mtoto aendelee kunyonya. Mpeleke zahanati haraka, usiku au mchana, huku ukiendelea kumnywesha njiani.

Ukiwa na swali, msimamishe mhudumu wa afya wa kujitolea wa bloku yako. Uliza, elewa, ndipo ujibu.