Oili, Sili na Kipumulio: Istilahi za Injini ya Pikipiki Inayovuja

Miezi kadhaa iliyopita mwandishi wa makala haya alikabidhiwa kijitabu cha matunzo ya pikipiki ili akifasiri kwa Kiswahili. Ukurasa uliomtia taabu haukuwa ule wa umeme wala wa kabureta, bali ule mfupi unaohusu injini inayovuja. Katika rasimu ya kwanza aliandika: "Mafuta yakivuja, zima injini na ukague muhuri." Rasimu ilipelekwa kwa fundi mmoja mzee, naye akaisoma mara mbili, kisha akauliza: "Mwanangu, mafuta yapi? Na huo muhuri ni wa ofisi gani?"

Swali lile halikuwa la mzaha. Mafuta ni jina pana mno: ya taa, ya kula, ya kupaka, na yale yanayoendesha injini. Petroli ikivuja karibu na injini yenye moto, jambo la kwanza ni kufunga koki na kutopiga kiki hata kidogo, maana cheche moja yatosha kuunguza chombo na mwenyewe. Oili ikivuja, madhara huja polepole. Msomaji aliyeandikiwa "mafuta yanavuja" hana njia ya kujua amekabiliwa na hatari ipi kati ya hizo mbili. Kwa sababu hiyo twapendekeza katika maandishi ya ufundi zitumike petroli na oili, na mafuta yaachiwe mazungumzo ya kawaida. Wako wanaopendelea kilainishi badala ya oili. Neno hilo ni zuri, ila grisi nayo ni kilainishi.

Upole wa madhara ya oili usimdanganye mtu. Chukua mfano wa injini ya silinda moja kama ile ya Honda CG125, iliyoanza kuuzwa katika miaka ya 1970 na ambayo muundo wake umeigwa katika pikipiki nyingi za bodaboda. Injini hiyo hubeba oili ipatayo lita 1 tu, na oili hiyo hiyo ndiyo inayohudumia krenki, klachi na gia. Ikipotea nusu lita, imepotea nusu ya akiba yote; kinachofuata ni injini kunoki. Aidha, oili ikirushwa kwenye tairi la nyuma, dereva na abiria wake wanaweza kuteleza kwenye kona ya kwanza.

Fundi yule alitumia vitenzi vitatu ambavyo rasimu yetu ilivichanganya katika kimoja. Injini hutoa jasho pale panapokuwa na utando wa unyevu ulioshika vumbi. Hiyo hufutwa na kuangaliwa. Oili hutona inapoacha matone chini pikipiki ikiwa imesimama. Hiyo yataka matengenezo. Nayo ikichuruzika, safari imekwisha. Kiswahili kilikuwa na ngazi hizi tangu zamani, nasi tulikuwa tunaandika kuvuja kila mahali.

Kuhusu kutafuta chanzo, hapana budi kukumbuka kwamba oili hushuka chini, na upepo wa mwendo huisukuma nyuma. Mahali palipolowa zaidi aghalabu sipo inapotokea. Safisha injini yote, ikauke, upime oili kwa kijiti chake, kisha upake poda au unga wa chaki penye mashaka. Washa injini ipate moto, uendeshe mwendo mfupi, ndipo uangalie. Alama ya kwanza iliyo juu kabisa na mbele kabisa ndiyo ya kufuatwa. Penye sproketi ya mbele pana mtego wake: oili iliyopakwa kwenye cheni hurushwa hapo, na mara nyingi watu hubadilisha sili nzima isiyo na kosa.

Sasa tuje kwenye muhuri wetu. Katika Kiingereza neno moja hutumika kwa kizuizi cha oili na kwa muhuri wa barua. Kiswahili hakilazimiki kurithi mchanganyiko huo. Mafundi husema sili, nasi twalikubali. Sili ni pete ya mpira yenye mdomo mwembamba unaokumbatia shafti inayozunguka, kama vile shafti ya sproketi, ya gia au ya kiki. Inapotiwa mpya, mdomo hupakwa oili, na upande wenye springi huelekea ndani iliko oili. Gasketi ni tofauti: hukaa kati ya nyuso mbili zisizokwenda, mathalani kati ya silinda na kichwa chake. Nyuso hizo husafishwa bila kukwaruzwa, na bolti hukazwa kidogo kidogo kwa kupishana. Silikoni ikipakwa kwa wingi vipande vyake humeguka ndani na kuziba chujio. Washa ya bolti ya kumwagia oili haihitaji maelezo marefu: ikishabonyea, itiwe nyingine.

Lililobaki ndilo lililokosa jina. Injini hutoa hewa yake ya ndani kupitia bomba dogo. Bomba hilo likizibwa na matope, au likikunjika, shinikizo huongezeka ndani na kuisukuma oili ipite hata kwenye sili nzuri. Ringi za pistoni zilizochakaa huleta shinikizo hilo hilo, na mara nyingi moshi wa buluu pamoja nalo. Kujaza oili kupita alama nako huleta uvujaji. Mtu aweza kununua sili tatu mfululizo na kulaumu muuzaji, kumbe kosa ni bomba. Twapendekeza liitwe kipumulio, kutokana na kupumulia. Wasomaji wenye jina jingine linalotumika katika karakana za kwao wanaombwa kutuletea kabla istilahi hii haijasanifishwa.

Rasimu ya pili ilipelekwa kwa mzee yule. Aliirudisha ikiwa na alama moja tu ya kalamu. Palipoandikwa "kaza bolti kwa nguvu", alifuta "kwa nguvu", na pembeni akaandika kwamba hesi za aluminiamu hukatika.