Nyaraka za Hanslope Park

Nyaraka za Hanslope Park ni mkusanyo wa mafaili ya serikali za kikoloni za Uingereza, yaliyoondolewa katika makoloni yalipokaribia uhuru na kufichwa kwa miongo mingi. Jina linatokana na jengo la serikali karibu na Milton Keynes, Uingereza, yalikowekwa. Sehemu iliyozua mjadala mkubwa zaidi ni ya Kenya, kwa kuwa inahusu mateso ya wakati wa vita vya Mau Mau (1952–1960).

Kufichwa kwake

Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, aliagiza kwamba serikali mpya zisikabidhiwe karatasi ambazo zingeiaibisha Uingereza au kuwafichua polisi, askari na watoa habari wake. Nchini Kenya mafaili ya aina hiyo yalitiwa alama ya herufi W na kushikwa na maofisa wenye asili ya Ulaya tu. Mengi yalichomwa, na maagizo yalitaka hata majivu yavunjwevunjwe. Njia nyingine iliyoruhusiwa ilikuwa kuyatosa baharini, mbali na pwani, ndani ya masanduku mazito. Mengine, karibu mafaili 1,500, yalisafirishwa hadi Uingereza. Kenya iliyaomba mwaka 1967 ikakataliwa.

Yaliyomo

Si siri za kijeshi hasa. Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, aliwahi kuyafananisha mateso ya wafungwa na yale ya Ujerumani ya Kinazi; hata hivyo, mwaka 1957 alimsaidia Gavana Evelyn Baring kuandaa kanuni za kuhalalisha kipigo kambini, akisisitiza kwamba jambo hilo lifanyike kimyakimya. Kwa maneno mengine, waliohusika walijua wanachofanya. Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidokeza kwamba vifo vilitokana na kunywa maji.

Kesi ya London

Wazee wa Kenya walipoishtaki serikali ya Uingereza mwaka 2009, mwanahistoria David Anderson alieleza kwamba kulikuwa na mafaili yasiyojulikana yaliko. Mwaka 2011 serikali ilikiri kuyashikilia, pamoja na ya makoloni mengine mengi. Mmoja wa walalamikaji, Wambugu Nyingi, aliponea Hola baada ya kutupwa katikati ya maiti. Paulo Nzili alisema alihasiwa. Mwaka 2012 wakili wa serikali hakupinga kwamba waliteswa, ila alidai muda umepita mno. Jaji McCombe alikataa hoja hiyo: kumbukumbu za maandishi zilikuwa nyingi kiasi cha kuwezesha kesi ya haki. Karatasi zilizofichwa zikawa nguzo ya wale zilizofichwa dhidi yao.

Juni 2013 Waziri William Hague alieleza majuto ya serikali, na watu 5,228 wakapewa fidia ya jumla ya pauni milioni 19.9.

Ukimya haukuwa wa Waingereza pekee. Kenya huru yenyewe iliendelea kuipiga marufuku Mau Mau hadi 2003, na majina ya watoa habari, ambao mara nyingi walikuwa majirani wa waliokamatwa, yaligusa familia za pande zote mbili.

Kesi ya pili, ya walalamikaji zaidi ya 40,000, ilitupwa mwaka 2018. Mahakama iliona kwamba muda uliopita ulikuwa mrefu mno na mashahidi wengi wamekwisha kufa.